Mzunguko wa Salamu

3 Mei

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila moyo hautulii.

Ule mtambo wetu umegoma. Si unakumbuka: ndani kuna gesi yenye joto kuliko jua, hakuna chuma cha kuihimili, kwa hiyo sumaku kumi na mbili zinaishikilia isiguse ukuta. Sasa kila tukiwasha, gesi inaegemea upande mmoja na kuunguza ukuta. Upande huo iko koili ya saba, waya wa sumaku niliouzungusha na kuusuka mimi. Anayelaumiwa ni Mzee wa Mita, mpimaji wetu, kwa kuwa ndiye aliyeipitisha. Mwaka jana aliniambia koili yangu imezidi kidogo. Nikamtania kwamba mita yake imezeeka kama yeye, akacheka, akafuta alichoandika. Mwisho wa mwezi wanamfukuza. Daftari langu linasema mizunguko themanini kamili. Sasa nimekosea wapi?

Mwanao

9 Mei

Mwanangu Nyuki,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Mama yako anauliza kama jua lenu likipona litamkaushia nguo.

Nijibu hili tu: ulianza kuhesabu wapi? Karakanani kwangu mzunguko wa kwanza tuliuita wa salamu, haukuhesabiwa. Waya unapiga hodi, unaofuata ndio moja. Mota za pampu tulizokuwa tukisuka hazijali mzunguko mmoja zaidi. Lakini desturi hiyo sikufundishwa na mtu. Siku moja nilipoteza hesabu mbele ya mteja, nikaona haya kukiri, nikamwambia ndivyo mafundi tunavyofanya. Nikakufundisha na wewe. Hata mama yako hajui.

Baba yako

13 Mei

Baba,

Ni themanini na moja. Mkono wangu haujui kuanza na moja.

Koili imeshagandishwa kwa gundi, kuifumua ni miezi. Nikisema, sitasuka tena. Nikinyamaza, Mzee wa Mita anaondoka na aibu yangu. Nimekukasirikia, Baba. Niambie nifanye nini.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Hukuniamkia, na sikulaumu.

Nitakuambiaje ufanye lililonishinda mbele ya mteja mmoja? Nimeandika karatasi kwa wakubwa wako, kwamba kosa ni langu, na sahihi nimeweka. Imo humu ndani. Itumie ukitaka.

Baba yako

20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Ni mwezi sasa. Mama yako ananiuliza kulikoni, nami nimemweleza yote. Hajacheka. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako

2 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Msalimie Mama.

Karatasi yako nairudisha, sikuitoa. Nilisema mwenyewe, mbele ya wote, Mzee wa Mita akiwa amekaa karibu na mlango. Hakunitazama. Koili ilipofumuliwa, mzunguko wako wa salamu tuliukuta chini kabisa, umelala vizuri kuliko yote. Kusuka nimeondolewa. Mzee hakufukuzwa; sasa nabeba mita, msaidizi wake.

Leo wameanza kusuka koili mpya. Mzee aliniita nisimame kando yake, nihesabu kwa sauti. Waya ulipopita mara ya kwanza nilinyamaza. Fundi akasimamisha mashine. Mzee alinisubiri tu.

Nikasema, moja.

Mwanao