Watoto Wamekiri Kosa Langu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili nimelibeba tangu Jumanne iliyopita na sina wa kumwambia, mume wangu ni mtu wa mzaha, angelitangaza kabla chai haijapoa, na dada yangu angeniuliza maswali ambayo najua sina majibu yake.

Mimi ni fundi cherehani. Tunaishi wapangaji sita katika nyumba moja yenye uwanja wa ndani, bafu moja na karo moja la kufulia, na mimi ndiye niliyetangulia kuhamia, miaka kumi na moja sasa, kwa hiyo wenzangu wananiita Mwenyekiti ingawa hakuna aliyenichagua, mimi ndiye ninayepanga zamu za kufagia, mimi ndiye ninayekwenda kwa mwenye nyumba bati likivuja. Nashona sare za shule, nyingi za rangi ya damu ya mzee, na kabla sijakata kitambaa nakiloweka kwenye beseni, ili kikitaka kusinyaa kisinyae mikononi mwangu, si mwilini mwa mtoto wa watu, kisha maji namwaga karoni. Nimefanya hivyo miaka yote na haikunijia akilini kwamba ni jambo la kufikiriwa.

Mwaka jana chumba cha mwisho alihamia Mama Pacha. Anafanya usafi katika zahanati iliyo karibu nasi, ana mapacha wa kike wa miaka minne, na mumewe anafanya kazi mbali, anakuja mara moja moja. Hawajamaliza miezi miwili karo likaanza kuziba, kwanza maji yalikuwa yanasuasua, baadaye yakawa yanarudi juu meusi yananuka, na mara ya tatu yakatapakaa uwanja mzima yakaingia kwa jirani yetu tunayemwita Mzee Redio, godoro lake likaloa lote. Mimi nikaita kikao pale pale karoni, Jumapili asubuhi, na mbele ya watu wote nikamwambia Mama Pacha, "Kabla hujaja maji yalikuwa yanakwenda. Wanao wanatia vitu humu."

Akasema kwa upole, "Dada, wanangu hata kingo ya karo hawaifikii."

Nami nikamjibu, "Wanapandana. Ndiyo maana Mungu akakupa wawili."

Watu walicheka sana, mshauri, na mimi nilifurahi walivyocheka.

Tangu siku ile mambo yakabadilika. Tulimkataza karo, akawa anafulia nje ya geti na beseni lake, na watoto wa wenzake wakaambiwa wasicheze na pacha. Siku moja mmoja wa hao pacha alikuja mlangoni kwangu na gauni mkononi, kifungo kimedondoka, amekishika kwenye ngumi, akasema, "Bibi fundi, kimetoka," nikamwambia nenda kwa mama yako. Mzee Redio peke yake ndiye aliyeendelea kumsalimia Mama Pacha, mpaka mmoja wetu akamuuliza, "Mzee, godoro limeloa na bado unamsalimia?" Akajibu, "Limeloa godoro, mdomo haukuloa." Tukamwona mzee anaanza kuzeeka vibaya. Mwishowe niliandika barua kwa mwenye nyumba kwa mkono wangu, wenzangu wakaweka sahihi, na Mama Pacha akaambiwa atoke mwisho wa mwezi huu.

Sasa Jumanne fundi bomba alikuja, ametumwa na mwenye nyumba kwa sababu karo lilikuwa bado limeziba, wenzangu wakiwa makazini, nikabaki naye mimi. Akafunua chemba, akaingiza waya wake, akavuta, akavuta tena, kikatoka kitu kirefu kama mkono wangu, kinene kama mkia wa ng'ombe, na alipokimwagia maji nikaiona rangi. Damu ya mzee. Nyuzi tupu, mshauri, zimesukana na mafuta na sabuni, na hapakuwa na kitu kingine chochote, si kijiko, si mdoli. Yule fundi akaangalia zile nyuzi, akaangalia sare zilizoning'inia dirishani kwangu, akaniangalia mimi. Nikamwomba asiseme. Akasema, "Mama, mimi nazibua mabomba, midomo sizibui wala siizibi," akakusanya vyombo vyake akaondoka.

Zile nyuzi nilizitia kwenye mfuko nikazificha chini ya cherehani, sijui kwa nini sikuzitupa.

Wenzangu waliporudi wakakuta maji yanakwenda, wakasema, "Unaona Mwenyekiti, vitu vya wale watoto vimetolewa, karo limepona." Nikarudi kwenye cherehani yangu. Lakini kilichoniondolea usingizi ni kwamba Alhamisi Mama Pacha mwenyewe alikuja kwangu, amesimama mlangoni hakutaka kuingia, akasema, "Dada, nimewabana watoto, wamekiri. Wanasema walitia kikombe na mdoli. Nimewachapa. Naomba mnisamehe, mimi nilikuwa nawatetea kwa kutojua." Nikasema, "Haya, yameisha." Hayo tu ndiyo yaliyotoka kinywani mwangu.

Mshauri, alikopata chumba ni mbali na zahanati, itabidi aondoke alfajiri na watoto sijui atawaacha na nani. Nataka abaki. Nimefikiri niende kwa mwenye nyumba kimya kimya nimwambie tumemsamehe, asimtoe, na mimi niache kumwaga maji karoni, mambo yaishe bila mtu kujua. Maana nikisema ukweli watasema cherehani itoke, na hiyo cherehani ndiyo maisha yangu, na nitapitaje tena katika uwanja ule? Nisaidie.

Mimi, Mwenyekiti asiyechaguliwa

*

Mwanangu Mwenyekiti,

Marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, na pale penye watoto nimeparudia mara mbili. Barua yako imeruka foleni, kuna waliotangulia watanisamehe, kwa sababu mwisho wa mwezi ni Jumatano ijayo na gazeti hili linakufikia Ijumaa. Una siku chache, kwa hiyo sitazunguka.

Nianze na lile ambalo huna hatia nalo, maana naona umelichanganya na mengine. Kuloweka kitambaa si kosa. Fundi asiyeloweka ndiye wa kulaumiwa. Uzi mmoja ukiingia bombani peke yake hupita. Ila kwenye kona ya bomba hukaa mafuta ya masufuria yenu nyote, uzi ukapita ukanasa hapo, wa pili ukanasa kwenye wa kwanza, na sabuni ikaja kuufunga. Mkia kama ule hausukwi kwa miezi miwili. Ulikuwa unasukwa miaka kumi na moja, wakati hao mapacha hata hawajazaliwa, na ungeziba tu hata chumba cha mwisho kingebaki kitupu.

Basi kwa nini mlimwona Mama Pacha ndiye mkosaji? Kwa sababu mambo mawili yakitokea karibu karibu, akili zetu hukimbilia kuyaozesha. Mgeni amekuja, karo limeziba, ndoa imefungwa, na hakuna aliyeuliza kama bwana na bibi wanafahamiana. Kukosea namna hiyo ni jambo la watu wote, na mimi limenipata zaidi ya mara moja. Lakini wewe ulisimama mbele ya watu ukasema kama mtu aliyeona. Hukuona. Na yule mama alipokupa jibu la maana, kwamba watoto hawafiki kingo, jibu ambalo ungeweza kulipima kwa macho yako pale pale, ulimrudishia kichekesho. Umeandika kwamba ulifurahi watu walipocheka. Nakupongeza kwa kuliandika hilo, wengi wangeliruka, na nakuomba ulikumbuke kila mara ulimi wako utakapotaka kuchekesha watu kwa mgongo wa mtu.

Hata hivyo yote hayo ni ya kabla ya Jumanne. Mpaka Jumatatu ulikuwa mtu aliyekosea. Tangu waya ule utoke chembani, wewe ni mtu anayejua na ananyamaza, na kimya chako kinafanya kazi kila siku bila wewe kunyanyua mkono. Karo linapita, na kupita kwake kumekuwa ushahidi dhidi ya watoto. Mama yao naye amewashtaki na kuwahukumu.

Hapo ndipo nataka ukae kidogo. Mtoto wa miaka minne akiulizwa jambo moja mara kumi na mtu mzima aliyekasirika, atatafuta jibu litakalomaliza maswali. Akiona "hapana" haimalizi, atasema "ndiyo", kisha atatafuta na kitu cha kutia kwenye hiyo "ndiyo", kikombe, mdoli, chochote kilicho karibu. Baada ya siku kadhaa atakiamini mwenyewe. Kwa hiyo katika nyumba yenu leo kuna watoto wawili wanaojua kwa hakika kwamba wao ndio walioloanisha godoro la babu na kumfukuzisha mama yao nyumbani. Wewe unaniuliza utapitaje uwanjani. Wao wanapita uwanja huo huo.

Ndiyo maana mpango wako wa kwenda kimya kimya siukubali. Najua umeufikiria kwa nia njema. Lakini tazama utakavyoishia: Mama Pacha atabaki akiwa mkosaji aliyesamehewa, na wewe utabaki ukiwa jirani mwenye huruma. Atakushukuru. Kila asubuhi atakushukuru. Je, utaweza kuzipokea hizo shukrani miaka mingine kumi na moja? Mimi naona hutaweza. Mtu anayeweza hilo asingeuweka ule mfuko chini ya cherehani. Unasema hujui kwa nini hukuutupa. Mimi nadhani unajua.

Sasa utoe. Leo hii hii Ijumaa, Mama Pacha akirudi kutoka zahanati, mpe nafasi avue viatu na anywe maji, kisha wewe ndiye uende mlangoni kwake, usimwite kwako. Nenda na mfuko tu. Usibebe sukari, wala kitenge, wala chochote cha kumlainisha, kwa sababu akipokea zawadi atajiona hana tena ruhusa ya kukasirika, na hiyo ruhusa ni haki yake. Mwambie kwa maneno machache: karo liliziba kwa nyuzi zangu, nimejua tangu siku fundi alipozibua, ulipokuja kuniomba msamaha nilikuwa tayari najua. Hilo la mwisho usilimeze. Ndilo zito, na akilisikia kwa mwingine baadaye, yote uliyosema yatakuwa bure. Akilia, kaa. Akikufukuza, toka. Asikusamehe leo, au asikusamehe kabisa, hilo ni lake. Wewe hukwenda pale kuchukua msamaha.

Kesho asubuhi nenda kwa mwenye nyumba na barua nyingine, kwa mkono ule ule ulioandika ya kwanza. Usiandike "tumemsamehe". Andika kwamba tulichosema hakikuwa kweli, kosa lilikuwa langu, na ninaomba notisi iondolewe. Usingoje sahihi za wenzako, yako inatosha kuanzia. Ila kabla ya kwenda muulize Mama Pacha kama bado anataka kuishi nanyi. Huenda hataki. Mlimfanya afulie nje ya geti, naye anaweza kuchagua umbali kuliko majirani. Akichagua kuondoka, basi aondoke kwa hiari yake na jina lake likiwa safi, na wewe ubebe vyombo vyake mpaka garini.

Na Jumapili asubuhi ita kikao pale pale karoni, saa ile ile. Ulimchafua mbele za watu, kwa hiyo kumsafisha chumbani hakutoshi. Fungua mfuko, waone. Watanuna. Yupo atakayesema cherehani itoke, nawajua watu wa vikao. Kwa hiyo njoo na beseni lako, na juu yake umetandaza kipande cha chandarua chakavu ulichokifunga kwa mpira, uwaonyeshe kwamba kuanzia sasa maji yatapita hapo kwanza na nyuzi zitabaki juu, uzitupe jalalani. Jirani mwenye hasira anapunguza sauti akiona jambo limeshapata dawa. Wakikuvua uenyekiti, uvuliwe. Si ulisema hakuna aliyekuchagua?

Mzee Redio naye umtafute peke yake, kwa ajili ya lile godoro. Na pale mlipomwona anazeeka vibaya, fikirini upya.

Nimewabakiza watoto mwisho, lakini wewe usiwabakize mwisho. Wakati ule ule utakapokwenda kwa mama yao, baada ya kuzungumza naye, muombe akuruhusu kusema nao. Chuchumaa, macho yako yawe sawa na yao. Waonyeshe zile nyuzi, waache wazishike kama wanataka, kisha waambie: "Karo liliziba kwa sababu ya hizi. Hizi ni zangu mimi. Nyinyi hamkufanya kitu." Watakwambia walitia mdoli. Usiwabishie kwa ukali. Waambie fundi alitazama, mdoli hakuwamo. Rudia mara nyingi kadiri watakavyotaka kusikia, maana "ndiyo" yao ilipatikana kwa kuulizwa sana, na haitaondoka kwa kuambiwa mara moja.

Ukimaliza, muulize yule mmoja kama gauni lake bado halina kifungo. Kama halina, liombe. Nilikwambia usiende na zawadi, na hii si zawadi. Ni kazi uliyoletewa mlangoni na mteja wako mdogo, ukamrudisha nayo. Kaa pale kizingitini kwao, tia uzi kwenye sindano, umalize kazi yako huku anakutazama.

Wako,
Mshauri