Baba Yuko Shambani

Likasi, Jumapili baada ya misa

Mjukuu wangu Béa,

Huku tu wazima, mama yako anakusalimu. Unauliza kama wewe ni mjinga kwa kukosa maswali ya mantiki. Nitakuambia yote.

Miaka ile kiwanda cha hapa Likasi kilipokuwa kinakufa, king'ora chake kililia bado, ila kazi haikuwapo. Nilikuwa mwanafunzi; tukijiandaa kwa mtihani, Maître, mwalimu wetu, aliuliza: "King'ora kikilia, wafanyakazi wote huingia kiwandani. Baba ni mfanyakazi. King'ora kimelia. Baba yuko wapi?"

Nikaandika: "Shambani, analima mihogo."

"Mutoto, fuata maneno ya swali, hapana ya kwenu!"

"Lakini Maître, baba iko mu shamba!"

Akacheka, kisha akatazama jembe lake mlangoni. "Hata miye natoka kule."

Alama hakunipa. Siku ya mtihani nilifuata maneno, nikapita.

Nijibu upesi: ulipokosa, swali lilisema nini, na wewe akilini ulikuwa unamwona nani?

Nyanya yako