Matofali ya Kaka Yohana

Lushoto, Jumanne

...na bado sijui nifurahi au nilie. Mume wangu Elia ameshalala. Mimi usingizi sina.

Leo bwana wa ujenzi wa mkoa alikuja kutoka Tanga kuijaribu mashine yetu ya kupima uimara wa matofali, ya kwanza kutoka karakana yetu. Asingeinunua, tungefunga.

Alikuja na matofali ya zahanati inayojengwa kijiji cha Ujamaa kule Mnazi. Fundi anayeijenga zahanati hiyo ni kaka yangu Yohana, naye alikuwepo. Elia akazungusha mkono wa mashine. Mshale ulipanda kidogo tu, tofali likapasuka. La pili likawa vilevile.

"Saruji ni kidogo mno," bwana wa ujenzi akasema. "Kuta zibomolewe."

Kaka akamgeukia Elia, akamnong'oneza. "Shemeji, saruji niliyoletewa ilikuwa pungufu, ningefanyaje? Mwambie mashine bado mpya, labda ina kasoro."

Elia akanitazama. Ningekubali kwa kichwa tu, angesema hivyo. Lakini niliwaza wagonjwa watakaolala ndani ya kuta zile.

"Mashine haina kasoro, kaka," nikasema kwa sauti, bwana wa ujenzi akasikia.

Bwana wa ujenzi akaagiza mashine mbili papo hapo. Elia alishukuru huku akijizuia asitabasamu mbele ya shemeji yake.

Nilimpelekea kaka chai. Hakuipokea.

"Nitamwambia mama umemchagua nani," akasema, akaondoka.

Jumapili tutakaa benchi moja kanisani, mama katikati yetu. Naogopa hata kumsalimu mama.