Sura ya Kumi na Nne Ambayo Haimo Kitabuni

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wa lifti kavunjika mguu kwenye ngazi. Naandika hapa kwa sababu nikimsimulia mtu atacheka, na zamu ya kucheka nimeshaimaliza mwenyewe. Miaka ishirini na miwili nawaambia watu lifti ni salama kuliko ngazi. Haya, ushahidi huu hapa! Plasta mpaka gotini, wiki sita.

Mke wangu kaenda kazini. Anafundisha udereva, siku hizi ana mwanafunzi anayefumba macho kila akiona lori. Kabla ya kutoka kanikabidhi mfungwa mwenzangu — mama yake. Jicho la kulia limetolewa mtoto wa jicho wiki iliyopita, bado limefunikwa. La kushoto linasubiri zamu, linaona ukungu mtupu. Daktari kasema asiiname, asilisugue, asisome. Asisome! Mwanamke asiyekunywa chai bila kitabu mkononi.

Kanigeukia. "Mkwe wangu, mimi macho sina, wewe mguu huna. Hayo macho yako yana kazi gani?"

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mkupuo. Nimesema nitamsomea. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Machi

Tumeanza Ghorofa ya Kumi na Tisa. Riwaya ya mapenzi, mpya, jalada linang'aa. Tajiri mwenye kampuni na binti muoka keki wanakwama ndani ya lifti usiku kucha.

Nimesoma kurasa nne nikashindwa kuvumilia. Kwanza, kengele iko wapi? Kila lifti ina kengele. Pili, eti "kamba zikakatika, ukabaki uzi mmoja" — kamba ni tano, na moja peke yake inabeba chumba kizima, tajiri pamoja na keki. Tatu, huyu bwana anafungua mlango kwa mabega. Mabega! Mimi nina ufunguo maalumu na bado natoka jasho. Nilikuwa nimefika kwenye breki za dharura mama mkwe aliposema, taratibu tu, kwamba hakuja kusomea ufundi.

Nikaendelea. Taya la tajiri limekaza mara kumi na moja, nimehesabu. Huyu hahitaji mpenzi, anahitaji daktari wa meno. Na binti naye kila ukurasa "anashusha pumzi ambayo hakujua ameishikilia". Pumzi gani hiyo mwenyewe haijui iliko?

Halafu sura ya sita. Tajiri kavua tai. Kavua koti. Jicho langu likatangulia aya mbili mbele — mama yangu weee! Mama mkwe ni mtu ambaye mbele yake hata miguu sijawahi kuinyoosha. Huu wa plasta umenyooka kwa amri ya hospitali. Sasa nimsomee haya?

Nikakohoa. Nikasema: "Wakachoka. Wakalala usingizi."

"Ndani ya lifti?"

"Ndiyo, mama."

"Na koti kalivua la nini?"

"La kutandika."

Nadhani aliamini. Jasho lilinitoka mpaka ndani ya plasta, mahali ambapo siwezi kujikuna.

Alhamisi, 6 Machi

Tajiri kamuoa muoka keki. Harusi imefungwa ndani ya lifti ile ile. Wageni themanini! Uzito huo haupandi hata sentimita moja. Sisemi kitu tena.

Mke wangu kaja na kitabu kingine. Muuza vitabu kamwambia kila mtu anakisoma, hata yeye anacho chini ya kaunta. Mnara wa Shaba. Mapenzi na majoka kwa pamoja, kurasa mia sita, na hicho ni cha kwanza kati ya vitano. Siku hizi hakuna mtu anayeandika kitabu kimoja akaridhika. Mwanzoni kuna ramani, milima kibao na mito, na mpaka sasa hakuna aliyetoka nje ya mnara. Jina la malkia lina vikoma viwili vinavyoelea juu, halitamkiki. Nimelitamka kila mara kivingine mpaka mama mkwe akauliza malkia wako wangapi. Tumekubaliana aitwe Malkia.

Kuna joka linaloongea kama wakili. Kuna Mwindaji mwenye macho ya kijivu na taya lile lile la tajiri — nadhani wanaazimana. Kuna mdogo wake Malkia, msaliti, aliyekimbilia kwa adui.

Naandika kwa dharau, lakini hii iwe siri yangu na daftari: mama mkwe alipojilaza mchana nilisoma kurasa arobaini mbele. Peke yangu. Kwa hiari!

Ijumaa, 7 Machi

Sura ya kumi na nne. Malkia na Mwindaji wanateremka kwenye bwawa la maji moto chini ya mnara. Kurasa kumi na moja. Hakuna hata koti la kutandika.

Kikohozi hakitoshi kurasa kumi na moja. Nikatazama kitabu, nikafungua mdomo, nikatunga. Malkia hakwenda bwawani. Alikaa mezani akamwandikia barua mdogo wake. Kwa nini barua? Sijui. Barua inaandikwa na mtu aliyevaa nguo zake zote.

Nikasoma hewani: "Mdogo wangu, meza yangu ina viti viwili. Kimoja nakifuta vumbi kila asubuhi na simwambii mtu ni cha nani." Nikanogewa. "Ukija usibishe hodi. Kiti chako kipo." Na kurasa nikawa nazifunua kwa wakati wake, moja moja, kama mtu mwaminifu.

Nikamuuliza mama mkwe kama kasinzia. Kasema hapana. Kasema kwa leo inatosha.

Nimetembea kwa maringo jioni nzima, kadiri magongo yanavyoruhusu. Mwandishi kaandika bwawa, mimi nimeandika barua. Nani zaidi?

Jumamosi, 8 Machi

Kataka barua irudiwe. Nimeduwaa! Nani anakumbuka uongo wake wa jana? Nikaanza: "Mdogo wangu, nyumba yangu ina viti vingi —"

Kanikatiza. "Meza. Viti viwili. Kimoja nakifuta vumbi kila asubuhi." Neno kwa neno. Nikasema kurasa zimegandana. Kasema nizitenganishe taratibu, hana haraka.

Mke wangu aliporudi nilimsimulia nikitegemea kicheko. Hakucheka. Kakaa. Kauliza kwa nini nimemtajia mama yake habari za kiti.

Kiti gani? Nilijua mama mkwe na mdogo wake hawasemezani, huu mwaka wa kumi na moja. Sababu sikuijua, mambo kama hayo mkwe haulizi. Basi ndiyo leo nimeambiwa. Mama yao mzazi alipofariki, mama mdogo hakuonekana. Kafika siku tatu baada ya mazishi, mimi nimesharudi kazini, ua bado umejaa watu. Mama mkwe akasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Mpeni mgeni kiti." Mgeni! Nyumbani kwa mama yake! Mama mdogo akakaa kwenye hicho kiti saa nzima, hakuna aliyemsemesha. Kisha akachukua mkoba wake akaondoka.

Nimejisikia vibaya sana. Mimi nilikuwa nakimbia bwawa tu.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu yuko na mama yake, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika riwaya yangu mwenyewe. Ndiyo, mimi. Joka limekwama ndani ya lifti na binti mfalme. Ukurasa wa pili nilikuwa nimeshafika kwenye breki za dharura. Nimeuchana.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi mama mkwe kanipa simu yake nimbonyezee namba. Kaitaja kwa kichwa, tarakimu zote, bila kusita. Miaka kumi na moja!

Nikamrudishia simu nikajikokota jikoni, ila mlango wa jikoni ni pazia tu. Nimesikia: "Ni mimi." Kisha habari za jicho. Kisha kwamba kuna kitabu anasomewa, cha mnara, na huyo malkia wake ana utu. Mama mdogo anakuja Jumamosi.

Nilipotoka kaniambia vitabu vya siku hizi watu wanavisema bure. Nikasema ni kweli, mama. Kajifuta jicho la kushoto kwa kiganja. Lilikuwa limelowa, na mimi nikafurahi kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Alipojilaza nikasoma mbele nione Malkia na mdogo wake wanaishia wapi. Sura ya thelathini. Anamsukuma! Malkia anamsukuma mdogo wake kutoka juu ya mnara! Halafu anashusha pumzi ambayo hakujua ameishikilia.

Jumatano, 12 Machi

Sasa natunga kila kitu. Sumu nimeigeuza supu. Msaliti nimemrudisha kwa meli, kisha nikakumbuka hakuna bahari kwenye ramani. Joka limekuwa mpatanishi. Mama mkwe kauliza mbona limeacha ubishi wake, alikuwa analipenda. Nimesema limezeeka.

Mwandishi huyu nilimdharau bure. Kurasa mia sita, na kila mtu ndani yake anakumbuka alichosema jana! Mimi siku ya tano tu nimeshamuua mpishi mara mbili.

Nimemuuliza mke wangu kama nimwambie mama yake ukweli. Kasema nikimwambia sasa, atapiga simu kumzuia mdogo wake. Nisipomwambia, atajisomea mwenyewe jicho likipona na atajua alipiga ile simu kwa sababu ya porojo za mkwe.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mimi nina mwanafunzi anasubiri," kasema, akachukua funguo.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari kalifunua jicho, kasema linakwenda vizuri, ila kusoma bado wiki moja. Nimeshukuru kuliko mgonjwa mwenyewe.

Kitabu nimekificha kwenye oveni. Nitasema muuza vitabu alikitaka, kilikuwa na kasoro. Mpango mzuri. Nimelala mchana kwa amani.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne na nusu asubuhi. Niko jikoni, mguu juu ya ndoo, birika liko motoni. Naandika huku nasikiliza.

Mama mdogo kafika. Mfupi kuliko nilivyomkumbuka, sauti ni ile ile ya dada yake. Kasimama mlangoni na mkoba wake. Hakuna aliyethubutu kusema neno kiti. Mke wangu lilimfika mdomoni, nikamwona akilimeza. Mimi nikasema "karibu" mara nne. Mama mkwe akasogea pembeni ya sofa, akapiga mto ubavuni kwake.

"Hapa."

Akakaa.

"Jicho vipi?"

"Linaona."

"Linaona nini?"

"Kwamba umenenepa."

Wakacheka, wote wawili wakitazama ukutani. Nikaja huku kuchemsha chai, moyo mweupe kabisa. Nikasikia zipu ya mkoba.

"Nimekuja na changu," mama mdogo kasema. "Hicho ulichoniambia kwenye simu. Mimi nimekisoma mara mbili."

Mara mbili! Na chetu kiko ndani ya oveni, mimi najiona mjanja!

"Basi nisomee sura ya kumi na nne," mama mkwe kasema. "Ile barua ya kiti kinachofutwa vumbi."

Kurasa zinafunuliwa. Najua anaona nini: mvuke, bwawa, taya. Kurasa zinakwenda mbele, zinarudi nyuma, zinakwenda mbele tena. Mke wangu kaingia hapa jikoni, kanitazama, kafumba macho kama mwanafunzi wake mbele ya lori. Nimwite mama mdogo huku kwa kisingizio? Nijiangushe na magongo? Nilifikiria hivyo kweli, hayo magongo.

Kisha mama mdogo kakohoa. Kikohozi changu kabisa!

"Dada yangu," anasoma. "Barua yako imenifikia. Hicho kiti unachokifuta vumbi nakijua. Nilikikalia saa nzima nikingoja uniite kwa jina langu."

Hayo si maneno yangu. Wala si ya kitabu. Mke wangu kanishika bega, anabana.

"Nilichelewa, dada, na hukuniuliza. Nilichelewa kwa sababu —"

Kafunua ukurasa mwingine.

"Mkwe hakusoma hivyo," mama mkwe kasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa."

Birika limeanza kuguna. Likipiga filimbi limeharibu kila kitu. Mke wangu kalitoa motoni kwa mkono mtupu, kauma midomo, hakutoa sauti.

Na mama mkwe, taratibu, kama siku ile ya breki za dharura:

"Soma tu, nasikiliza. Ulichelewa kwa sababu gani?"