Yatima Mwenye Baba

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Natumaini unapochomelea vyuma unavaa ile miwani, huiachi ikining'inia msumarini. Huku mimi na shangazi tu wazima, ila viatu vyangu vimechoka kuliko mimi. Chuo kimenipokea, lakini ufadhili unanipiga chenga. Nimebisha hodi kila ofisi, wanachukua barua zangu na kuniambia nisubiri. Umebaki mfuko mmoja, unalipa ada yote mpaka mwisho, lakini ni wa yatima tu. Mama hayupo, wewe upo. Shangazi alinikataza kukuambia, ndiyo maana nakuambia.

Mwanao

19 Machi

Kichwa Ngumu wangu,

Marahaba. Macho yanawasha kidogo, kazi ya mageti haijakatika. Barua yako imenifanya nizime mashine nikae chini. Jibu ni jepesi: waandikie kwamba nimekufa. Karani wa vifo nilimtengenezea geti, hataninyima cheti. Mama yako alitaka usome, na kufa kwa karatasi hakuumi. Watu wakiniona sokoni, nitasema mimi ni mdogo wake marehemu.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kazi ipo. Hayo mengine yamenikera mno. Nimelia kwa hasira mpaka shangazi akadhani tumefiwa kweli. Mama nilimzika nikiwa mdogo. Wewe sikuziki, hata kwa cheti, hata wanisomeshe mpaka nizeeke.

Nimekwenda kwenye usaili wa mfuko ule, nikitumaini kufiwa na mama kutatosha. Bibi mmoja akaniuliza baba alifariki lini. Nikamwambia, "Baba yangu yu hai, anachomelea mageti, na leo nadhani amekula vizuri kuliko mimi." Wakanishukuru, wakamwita anayefuata. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, lakini uwe hai.

Mwanao

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima hujajibu. Fundi mwenzako aliyepita huku amesema u mzima wa afya, ila umenuna, na eti umesema maiti haiandiki barua. Haya, maiti, nisikilize.

Nimefanya mtihani wa ufadhili wa chuo chenyewe, ule ambao shangazi alisema hushinda watoto wa shule kubwa tu. Nimepata nusu ya ada. Nusu nyingine nitaifanyia kazi maktaba jioni, wameshanikubali. Limebaki sharti moja: mzazi afike mwenyewe tarehe kumi na mbili, atie sahihi mbele ya mhasibu. Shangazi amejitolea, nimemkatalia. Usipokuja, nafasi anapewa mwingine, nami narudi nyumbani kukushikia vyuma.

Mwanao

5 Mei

Kichwa Ngumu,

Marahaba. Mimi mzima, na bado nimekasirika. Nitakasirika njia nzima mpaka hapo mlangoni kwa shangazi yako, tarehe kumi na moja. Mwambie mhasibu asimpe mtu nafasi yako. Kufa kungekuwa rahisi, mwanangu. Sasa umenitaka niishi mpaka umalize chuo, basi nitaishi, wapende wasipende.

Baba yako