Gololi Nne Zilizolika

Igoma, Mwanza
9 Agosti 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mguu umepata nafuu tangu uanguke, na mama hajambo. Sisi huku wazima, ila moyo wangu haujatulia.

Kazi ya ufundi wa baiskeli inaendelea. Tangu serikali ifungue milango ya biashara, maduka ya Mirongo yamejaa gololi za kila namna. Ukiuliza zipi ngumu, muuzaji anasema zote! Siku hizi nazijaribu kwa tupa, ikikwaruzika, namrudishia.

Mdogo wangu Kija ameifikisha baiskeli yako. Ameniambia unataka nimpe yeyote, kwa kuwa mtu anayeangushwa na kilima cha Kayenze alichokipanda miaka ishirini ameshazeeka. Tena umeacha ukatekista, na wagonjwa wa vigango vya mbali sasa anawatembelea kijana Nkwabi. Mama naye anasema unashinda uani, hutaki hata kuchonga mpini wa jembe. Nililia, baba.

Nikaifungua pale kwenye pedeli. Upande wa kulia gololi moja ilikuwa imepasuka ikakwama, ndiyo maana pedeli iligoma ghafla ukiwa umeisimamia kilimani.

Unakumbuka Pasaka, ulipokuja nikubadilishie gololi? Ulikaa kwenye benchi langu ukiwaambia wateja kwamba mwanao ni fundi kukushinda wewe. Upande ule zinaingia kumi na moja, nami nilikuwa na mpya saba tu. Nilipaswa kusema zimeniishia. Nikaona aibu mbele ya sifa zako, nikachota nne zilizolika kwenye kopo la vyuma chakavu, nikazifukia kwa grisi usizione. Nawe ndiye uliyenifundisha kwamba gololi hubadilishwa zote au haziguswi, maana mpya ni nene, hubeba mzigo wa wenzake mpaka ipasuke.

Hukuangushwa na uzee, baba. Uliangushwa na mimi.

Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja mapema. Nisamehe. Najua ukatekista haurudishwi kwa barua. Baiskeli anairudisha Kija; usimgawie mtu. Nimeweka mpya zote, pande zote mbili. Lakini usiipande kwanza. Ifungue mwenyewe, uzihesabu, uzitazame moja moja. Sitaona vibaya.

Nisalimie mama, na umsomee barua hii yote.

Mimi mwanao,
Luhaga