Mwamuzi Aliyeangusha Miwani

Dada yangu,

Sisi wazima, ila goti langu linadai likizo. Yule uliyemzaa mvulana, ambaye sasa ni binti, aliomba kukimbia na wanawake wa klabu yetu. Nahodha wao, mwoka mikate, akanijia juu: "Mwamuzi, namkaribisha kwa moyo wote, lakini miguu ile! Nikimbie nikijua nimeshashindwa?"

Hakukosea. Binti mwenyewe akasema, "Basi nianze nyuma yenu." Tukapanga kila mmoja aanze kulingana na kasi yake, mwenye mbio zaidi aondoke mwisho.

Jumamosi aliondoka wa mwisho kabisa. Kwenye utepe akafika sambamba na mwoka mikate, nami nikaruka kwa furaha hadi miwani ikaanguka. Sikuona aliyeshinda!

"Ni mimi!"

"Wewe? Unaota, mwenzangu!" Walibishana huku wamekumbatiana.

Wanarudia Jumamosi ijayo. Mimi wameshanifukuza, wanataka mwamuzi mwenye macho. Binti akasema, "Mama huona mbali," kisha akainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Njoo, dada. Filimbi nimeshaiosha.

Kaka yako, mwamuzi mstaafu